Mama mkwe anasema nataka kumfunga mjukuu wake kama mbuzi wa mnadani

Shangazi, mbukwenyi.

Naomba usitaje jina langu, maana hapa Nkuhungu, Dodoma, tunajuana na mawifi zangu wanakusoma kwenye simu kila wiki. Nina miaka 27, nauza chai na maandazi asubuhi, mume wangu ni dereva. Anaendesha Probox ya tajiri. Alfajiri anapeleka watumishi Mtumba kwenye ofisi za serikali, jioni anawarudisha, na katikati ya siku akipata vichwa anachomoka hadi Kibaigwa. Siku za wiki gari ni la hesabu, halina mjadala. Jumapili tajiri anamwachia mradi mafuta tuweke wenyewe, na ndiyo siku tunayokwenda kumsalimia mama mkwe upande wa Bahi.

Tuna watoto wawili. Wa kwanza ana miaka minne, wa pili miezi saba na kilo nane. Tukisafiri mimi nakaa mbele nimempakata mdogo. Mkubwa anakaa nyuma na mizigo, lakini kukaa ni neno tu, mara nyingi anasimama katikati ya siti mbili akimsimulia baba yake habari za njiani.

Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi, jua linazama, mbuzi akakatisha barabara. Mume wangu akakanyaga breki. Hatukugonga kitu. Shangazi, mtoto nilikuwa nimemshika kwa mikono miwili, sikuwa nachezea simu wala kumenya muwa. Alinichomoka kama sabuni. Akaenda kugonga deshibodi kwa mdomo, na kaka yake akaja kugota katikati ya siti zetu na paji la uso. Mdogo alichanika mdomo, damu ikanijaa kwenye kitenge. Hospitali walimwangalia wakasema hana shida. Mbuzi naye alivuka salama.

Tangu siku hiyo nikifumba macho nahisi anavyonitoka. Nikaanza kuulizia viti vya watoto vya kwenye gari, vile ninavyoviona kwenye magari ya wenye uwezo. Kuna mfanyabiashara wa mitumba ya vitu vya watoto anavyo viwili. Kimoja kimetumika, kijivu, anataka elfu sabini. Kina karatasi ya rangi ya machungwa nyuma, ila chini nimeona ufa, yeye anasema ni mstari tu wa plastiki. Kingine ni kipya kwenye nailoni yake, cha bluu kizuri, laki na ishirini, hakina maandishi yoyote zaidi ya picha ya dubu.

Nilipomwonyesha mama mkwe picha, alicheka kwanza kisha akakasirika. Alisema, "Mjukuu wangu afungwe mikanda kama mbuzi anayepelekwa mnada wa Msalato? Mimi nimelea saba mgongoni na hakuna aliyeanguka. Mikono yako ina kazi gani?" Hilo la mikono lilinichoma, kwa sababu ndilo ninalojiuliza mwenyewe. Mume wangu hakunikatalia moja kwa moja. Anasema trafiki hata haulizi kiti cha mtoto, gari siyo letu, na elfu sabini ni bati mbili na chenji, wakati kibanda chetu Mkonze bado hakijapauliwa. Anaongeza kwamba yeye ni dereva wa miaka tisa na hajawahi kugonga hata kuku.

Je, hivi viti ni kitu cha kweli au ni mambo ya wenye nazo? Nikinunua, ninunue kipi kati ya hivyo viwili? Na huyu wa miaka minne naye? Halafu nitamwambiaje mama mkwe bila kuonekana nimeletewa akili na simu?

Mama wa wawili, Nkuhungu

SHANGAZI ANAJIBU

Mbukwa, mwanangu.

Nianze na mikono yako, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi. Mikono yako haikufanya kosa. Ilipewa kazi isiyowezekana.

Chukua gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao hata ukipita kwenye makazi ya watu hakuna tochi itakayokukamata. Likigonga kitu kisichosogea, pua yake hujikunja labda nusu mita kisha linasimama, na yote hayo huisha kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijafika. Ndani ya muda huo mtoto wa kilo nane anavutwa kwenda mbele kwa nguvu ya kama kilo 160. Gunia la mahindi la kilo mia pale Kibaigwa linabebwa na kuli mzoefu, tena amejiandaa, ametia mgongo. Wewe unatakiwa kushika gunia na zaidi ya nusu ya gunia lingine, kwa viganja, bila kuambiwa. Hata mumeo mwenye misuli hawezi. Ukitaka kuipima kwa namna nyingine, mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka mita kumi hivi, yaani dirisha la ghorofa ya tatu. Hakuna mama atakayekubali kukaa kwenye dirisha la ghorofa ya tatu na mtoto mapajani eti kwa kuwa anamshika vizuri.

Na breki ya mbuzi wako haikuwa hata ajali. Ilikuwa breki tu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nimeshalijibu: kitu hiki ni cha kweli. Shirika la Afya Duniani linasema barabara ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, mbele ya magonjwa tunayoyaogopa zaidi, na kwamba kiti kinachomfaa mtoto hupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya magari kwa zaidi ya nusu. Wenye uwezo walikipata mapema, basi, kama walivyopata friji mapema.

Mama mkwe wako ana haki yake na nitamfikia. Ila kabla ya yote naomba uache tabia moja Jumapili hii hii, hata kama kiti hakijapatikana. Usikae tena mbele na mtoto mapajani. Mbele yako kuna eabegi, ule mfuko unaotuna ghafla kutoka kwenye deshibodi. Umetengenezwa kumpokea mtu mzima aliyefunga mkanda. Kwa mtoto aliye mapajani ni kofi la kuua. Kaa nyuma, ufunge mkanda wako wewe peke yako, mtoto awe nje ya mkanda. Najua hili linashangaza. Wengi hupitisha mkanda mmoja juu ya mama na mtoto wakidhani wamewafunga wawili. Gari likigonga, mwili wako wote unakuja mbele na mtoto yuko katikati yako na mkanda, nawe ndiye unayemponda. Nilifanya hivyo mwenyewe na kifungua mimba wangu, safari nzima ya Iringa kupitia Mtera, nikijiona mama makini kuliko abiria wote. Leo nikikumbuka natetemeka, na huyo mtoto sasa ana ndevu.

Sikudanganyi kwamba kukaa nyuma na kumpakata ni salama. Siyo. Ni kupunguza hatari mpaka kiti kipatikane. Kingine cha bure ni mwendo. Barabara ya Bahi inanyooka, inamshawishi dereva. Akishuka kutoka 100 hadi 80, nguvu ya kugonga inapungua kwa zaidi ya theluthi, na Bahi si mbali, mtachelewa dakika chache tu. Na msirudi jua likizama. Ndiyo saa mifugo inarudi bomani na giza linamwingia dereva, mbuzi anamwona akiwa tayari kwenye bampa. Mumeo ni dereva mzuri, sina shaka. Mbuzi ndiye asiye na leseni.

Sasa vile viti viwili. Usinunue hata kimoja.

Cha kijivu kina jambo jema moja, ile karatasi ya rangi ya machungwa. Hiyo ndiyo alama kwamba kiti kilipimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa. Ukiisoma utaona herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake. Namba ni ya nchi iliyokipitisha tu, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani, 1 ni Ujerumani, haimaanishi kimoja ni bora kuliko kingine. Chini yake kuna uzito, mfano 0 hadi 13 kg, ndio uzito wa mtoto anayefaa. Halafu tafuta namba ndefu ya kibali. Ikianza na 03 au 04, sawa. Ikianza na 01 au 02, kiti hicho ni mzee, Ulaya kwenyewe walikwisha kukikataza. Viti vipya zaidi vimeandikwa R129 na vinapima kwa urefu wa mtoto badala ya kilo.

Lakini ufa, mwanangu. Plastiki ya kiti cha mtoto haina mistari ya bahati mbaya chini yake. Ufa unamaanisha kiti kimeanguka vibaya au kimeshapata ajali, na kiti kilichopata ajali kazi yake imekwisha, hata kama kwa macho kinang'aa. Kilikula kishindo kimoja, cha pili hakitakiweza. Ndiyo shida ya kiti cha mtumba kutoka kwa mtu usiyemjua: sweta lenye tobo utaliona, kiti kilichogongwa hutakiona. Huyu wako angalau alikuwa na huruma ya kuacha ufa nje.

Cha bluu chenye dubu sikijui na wewe hukijui. Bila alama ya kupimwa ni kiti cha sebuleni chenye mikanda. Inaweza kuwa kizuri, inaweza kuwa mikanda yake inachomoka kama uzi wa kanga mbichi. Laki na ishirini ni pesa nyingi kulipia "inaweza".

Utakipata wapi basi? Hapa nitamshangaza mumeo. Kila asubuhi anabeba watumishi wanne kwenda Mtumba. Watu wale wana watoto, au wadogo zao wanao, au wakubwa wao ofisini wenye magari binafsi wanao. Mtoto anakimaliza kiti cha kwanza ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, kisha kiti kinakaa stoo kikila vumbi na baiskeli mbovu. Kiti bora cha mtumba ni kile ambacho mwenyewe unaweza kumwuliza uso kwa macho, "Kimewahi kugongwa? Umekinunua mwaka gani?" Plastiki nayo huzeeka, hasa ikikaa kwenye gari linaloanikwa juani mwaka mzima kama haya yetu ya Dodoma. Tazama tarehe iliyogongwa kwenye plastiki, mara nyingi iko chini. Kiti kilichopita miaka kumi kiache, na watengenezaji wengine huweka miaka sita au saba. Aulize tu njiani, foleni ikiwa imesimama. Haina aibu kuliko kuomba lifti.

Afrika Kusini walipoweka mwaka 2015 ulazima wa kiti kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, swali lilikuwa hili hili lako: maskini apate wapi? Kuna shirika pale Johannesburg linaitwa Wheel Well. Linakusanya viti vilivyokwisha kutumika, linavikagua, linavisafisha, kisha linavigawa kwa familia zinazochangia kile kidogo walicho nacho. Sisi hatuna kitu kama hicho mtaani, lakini tuna kitu kinachofanana nacho kuliko tunavyodhani. Hujaniambia kama uko kwenye kikoba, ila sijawahi kukutana na muuza maandazi Dodoma asiye na kikoba. Kikundi chenu bila shaka kina masufuria makubwa, turubai, labda na viti vya plastiki vya kuazimana kwenye misiba na harusi. Nani alisema lazima kila mwanamke anunue sufuria la pilau la watu mia? Mliona ni kitu cha kutumika mara chache, mkanunua kwa pamoja. Kiti cha mtoto wa kilo 0 hadi 13 ndivyo kilivyo. Kila mtoto anakihitaji kwa muda mfupi na baadaye kinamwachia mwenzake.

Kaeni mhesabu ni wangapi wana waume, kaka au wakwe wenye gari. Wakifika watano, nunueni kimoja kizuri cha wachanga na kimoja cha kufuatia, kile cha hadi kilo 18. Kiwe na daftari kama la mikopo: nani amekichukua, lini, gari gani. Sharti liwe moja lisilo na udugu: aliyepata ajali na kiti kikiwa ndani ya gari, hata ajali ndogo, anasema, na mikanda ya kiti inakatwa kwa mkasi mbele ya wote ili mtu asikiokote akakitumia. Mtu asitozwe faini kwa kusema, maana mkiweka faini mtapewa kimya kimya kiti kilichokufa. Kabla ya kumpa mwenzako kioshwe, kitambaa kwa sabuni ya kawaida, mikanda ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Jiki isiguse mikanda, inaidhoofisha.

Kukifunga ndiko watu wengi wanakoharibu, hata wale wenye magari ya milioni sitini. Cha mtoto wako kinafungwa siti ya nyuma, na mtoto anatazama nyuma ya gari, siyo mbele. Watu wanalalamika haoni njia, miguu inakunjwa. Akunje. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kama robo ya urefu wake wote na shingo bado ni laini. Akitazama mbele na gari likasimama ghafla, mwili unazuiwa na mikanda lakini kichwa kinaendelea na safari. Akitazama nyuma, mgongo wote wa kiti unampokea kwa pamoja, kama unavyompokea kwa kiganja unapomlaza. Kanuni mpya za kimataifa zinataka atazame nyuma mpaka angalau miezi 15, na ukiweza kuendelea mpaka kilo 13 endelea. Kilo zake si unazo kwenye kadi ya kliniki.

Kwanza kabisa mwambie mumeo avue kava la siti ya nyuma. Kwenye haya magari ya biashara mikanda ya nyuma ipo, ila vishikizo vyake vimezikwa chini ya kava tangu siku tajiri aliponunua gari, na hakuna aliyeviona tena. Vitoe juu, vifute vumbi, jaribu kama vinabana na kuachia. Vuta mkanda kwa ghafla uone kama unashika. Kisha mkanda wa gari upite pale pale kiti kilipochorwa njia yake, kwa kawaida rangi ya bluu kwa kiti kinachotazama nyuma. Bonyeza kiti kwa goti wakati unakaza. Ukikishika pale mkanda ulipopita na kukitikisa, kisicheze zaidi ya upana wa vidole viwili vyembamba. Mikanda ya mtoto mwenyewe itoke kwenye tundu lililo usawa wa bega au chini kidogo, ikazwe mpaka ukijaribu kufinya utepe begani usiweze kuukunja. Mwezi wa sita na wa saba, ule upepo wetu, utatamani kumvalisha sweta mbili na blanketi kisha umfunge. Mfunge kwanza, blanketi liwe juu. Nguo nene chini ya mkanda huminyika gari likigonga, na mkanda unabaki umelegea.

Mchana wa Oktoba kishikizo cha chuma kinaunguza kama kijiko kilichosahaulika kwenye jiko, kifunike na kanga mnapoegesha. Wala asilale humo nyumbani saa nzima kwa sababu ametulia. Kidevu kikishuka kifuani hewa inapungua. Kiti ni cha safari.

Kaka yake ndiye ninayemwogopea zaidi, kusema kweli, kwa sababu hakuna aliyemwona. Mdomo wa mdogo ulitoka damu, yeye alivimba tu paji la uso, ikaisha. Mtoto anayesimama katikati ya siti mbili ana njia wazi mpaka kwenye kioo. Na asipofungwa anakuwa hatari kwa wengine pia, kilo 16 zikiruka zinakuja kwenye kisogo cha baba yake. Umri wake unataka kiti chenye mikanda yake mwenyewe, kile cha hadi kilo 18. Akikimaliza anahamia busta, kile cha kumnyanyua tu, ambacho ni chepesi na bei yake ni ya chini sana kuliko vingine. Busta inamwinua ili mkanda wa gari upite begani na mapajani badala ya shingoni na tumboni. Msiweke mto wa nyumbani badala yake. Mto unabonyea, anateleza chini na mkanda unapanda tumboni kwenye maini na utumbo. Mpaka mtakapopata kitu, akae nyuma, amefunga mkanda wake peke yake, sehemu ya chini ikiwa imelala mapajani. Afunge tangu Nkuhungu, siyo mkishatoka mjini. Siku ya kwanza atalia. Ya tatu yeye ndiye atakayemkumbusha baba yake.

Najua kuna safari za bajaji na bodaboda pia. Huko kiti hakiingii, na sina dawa zaidi ya kusema safari ndefu isiwe ya pikipiki mkiwa na mchanga.

Mumeo amesema trafiki haulizi. Ni kweli, hata mimi sijawahi kuona ameuliza. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, wakati ambao hata mkanda wa mtu mzima ulikuwa mgeni kwa wengi. Lakini mwulize kitu kimoja, taratibu, siyo mbele ya watu: matairi ya gari anayabadilisha kwa sababu trafiki anauliza, au kwa sababu anajua yakipasuka kitatokea nini? Kuhusu gari kuwa la tajiri, kiti hakitobolewi wala hakigongomelewi. Kinafungwa kwa mkanda wa gari, Jumapili asubuhi kinaingia, jioni kinatoka, Jumatatu abiria wanakaa kama kawaida. Na bati zitasubiri wiki chache. Kama kiti kitatoka kwa abiria wake, huenda hazitasubiri kabisa.

Kwa mama mkwe usiende na simu. Usiende na namba zangu pia, hizo kilo 160 ni za wewe na mumeo. Na usimwambie alikosea, kwa sababu hakukosea. Watoto saba mgongoni, wote salama, ni kazi kubwa, na mbeleko ndiyo kifaa cha kwanza cha usalama tulichokuwa nacho. Imemfunga mtoto kwenye mwili wa mama asianguke, hicho ndicho alichofanya yeye. Ila mbeleko ilishonwa kwa mwendo wa miguu. Mwambie hivyo. Mwambie pia kilichotokea siku ya mbuzi, maana nahisi hukumwambia chote, ulificha damu usije ukaonekana mama mzembe. Mwonyeshe kovu la mdomo. Mume wako awepo na yeye ndiye aseme, "Mama, mke wangu alikuwa amemshika." Sentensi hiyo ikitoka kwa mwanawe itafanya kazi kuliko makala nzima ya Shangazi.

Na lile la mbuzi wa Msalato, cheka naye. Ni kweli mbuzi wa mnadani hufungwa. Hufungwa kwa sababu mwenyewe hataki apotee njiani.

Kisha mpe kazi. Mtoto akiondoka kwake, yeye ndiye amfunge mkanda wa kifuani na kumwekea kanga juu. Mama wakwe wengi hugombana na kitu walicholetewa kikiwa kimeshaamuliwa, wakikishika kwa mikono yao kinakuwa chao. Wangu alikataa jiko la gesi miezi minne, nilipomwomba anifundishe kupika ugali juu yake akawa hataki tena kuona mkaa.

Ukipata kiti, kabla hujatoa hata shilingi, nendeni na gari na mtoto mwenyewe. Kifungeni pale pale nje, mtoto akiwa ndani, mjaribu kila siti ya nyuma. Kuna magari ambayo mkanda wake ni mfupi haufiki kuzunguka kiti cha kutazama nyuma, na hilo utaligundua pale, siyo Jumapili saa kumi na mbili asubuhi na mama mkwe anasubiri. Mkanda usipofika, mrudishie mwenyewe kiti chake, mshukuru, uendelee kutafuta.

Shangazi